Kempavan kaskazini kabisa mwezi wa saba: Lofoten, Tromsø, Nordkapp. Njia ipi na tunalala wapi?

mswahili_boras

Wakuu habari zenu. Niko Borås hapa Sweden, mwaka huu mimi na wife tumekubaliana likizo ya mwezi wa saba hatushuki Bongo wala hatuendi kusini kuota jua, tunakodi kempavan, gari lenye vitanda na jiko ndani, tupande kaskazini mpaka mwisho wa barabara tukaone hilo jua lisilozama ambalo kila mtu kazini ananiambia tu. Tutakuwa watu watano, sisi wawili, watoto wa miaka 6 na 9, na mdogo wangu anayekuja kutoka Tanga na viza ya matembezi. Gari ni ya tani 3.5 kwa hiyo leseni yangu ya B inatosha, tunaichukua wiki ya pili ya mwezi wa saba na tunayo wiki mbili na nusu.

Plani yangu ni E4 pwani pwani mpaka Luleå, halafu Kiruna, Narvik, visiwa vya Lofoten mpaka mwisho kwenye kile kijiji cha Å, turudi tupande Tromsø, Nordkapp, ile rasi ya kaskazini kabisa ya Norway, tushukie Finland kwa Inari na Rovaniemi ndio turudi nyumbani. Naomba mnaoishi huko au mliowahi kuzunguka mniambie ukweli, je inaingia kwenye muda huo? Halafu watu wanasema kuna sheria ya allemansrätten kwamba unalala popote bure, hiyo inahusu na gari? Mbu je, manake wife ameshasikia habari zao na anataka kughairi. Na mdogo wangu anaweza kunipokea usukani kwa leseni ya Tanzania? Wife pia anauliza habari ya sala, jua lisipozama magharibi tunaswali saa ngapi. Natanguliza shukrani.

---

dereva_luleå

Mkuu karibu sana kaskazini, mimi naishi Luleå na ninaendesha lori huku juu majira yote kwa hiyo nitakwambia kama ninavyoijua barabara.

Kwanza huo mzunguko wako ni zaidi ya kilomita 5,000. Ukigawa kwa wiki mbili na nusu inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kempavan huku kwetu barabara zenyewe ni za 80 na 90 na ukitoa kusimama, mafuta, mtoto anataka kukojoa, unatembea wastani wa 60 kwa saa, ukiingia Norway kwenye fjordi, yale maji ya bahari yaliyoingia kati ya milima, ni pungufu ya hapo, pale unaona kijiji ng'ambo ya maji unaweza hata kuhesabu madirisha lakini kukifika unazunguka saa nzima. Sasa watoto wa miaka 6 na 9 utawafungia ndani ya gari masaa saba kila siku likizo nzima? Hapana mkuu. Chagua kimoja, Lofoten au Nordkapp, na ukiniuliza mimi ningeacha vyote viwili nikapita katikati.

Pili achana na E4. Wewe uko Borås, jirani na Göteborg, na E45 kwa upande wa Sweden inaanzia hapo hapo Göteborg inapanda kwa ndani Mora, Östersund, Vilhelmina, Arvidsjaur, Jokkmokk, Gällivare mpaka Karesuando mpakani na Finland. E4 ni malori kama mimi na misitu tu pembeni. E45 ina maziwa, kila baada ya muda kuna sehemu ya kusimama yenye meza na choo, watoto wanaoga ziwani mnapika chakula mnaendelea. Kidogo kabla ya Jokkmokk unavuka mstari wa Aktiki, kuna kibao mnapiga picha, halafu mjini msiache kuingia Ájtte, hiyo ni makumbusho ya Wasami, wenyeji wa asili wa huku juu, na ni nzuri kweli kwa watoto, mtakuwa mmeshajua reindia, hawa kulungu wanaofugwa na Wasami, ni nini kabla hamjakutana nao barabarani. Baada ya hapo Kiruna, mkaone mji unaohamishwa kwa sababu mgodi wa chuma umeichimba ardhi chini yake, kanisa lao la mbao la mwaka 1912 lenye tani zaidi ya 600 walilibeba zima zima mwezi wa nane 2025 likatembea kilomita 5 juu ya magari maalumu mpaka mji mpya. Kisha E10 pembeni ya ziwa Torneträsk mpaka Abisko, na hapo msipite tu, laleni hata siku mbili mtembee, ile hifadhi ipo tangu 1909 na mto wake unapita kwenye korongo dakika chache tu kutoka barabarani, mtoto wa miaka 6 anafika bila kubebwa. Halafu Narvik, kisiwa cha Senja, Tromsø, mnateremka na E8 kupitia Kilpisjärvi mpaka Karesuando mnaikamata E45 tena. Huo ni mzunguko uliofunga, na unapumua.

Kuhusu tarehe, wahi. Kiruna jua linaanza kuzama tena katikati ya mwezi wa saba, Tromsø kama tarehe 22, Nordkapp ndio linafika 29. Ukizubaa zubaa kusini wiki nzima utafika juu jua limeshaanza kwenda kulala, ingawa giza lenyewe bado hutaliona.

Allemansrätten sasa, hapa wengi wanapotoshana. Ile haki ni ya mtu kwa miguu yake, ya hema, ya kuchuma matunda pori na uyoga. Gari halimo. Sweden kuna sheria tangu miaka ya 70 inayokataza kuendesha chombo cha moto nje ya barabara, kwa hiyo kuingiza kempavan kwenye majani pembeni ya ziwa ati kwa sababu pazuri ni kosa, na matairi yako yanaacha makovu yanayokaa miaka mingi huku juu ambako mmea unakua taratibu mno. Unalala rastplats, yaani sehemu ya mapumziko pembeni ya barabara, kawaida mwisho masaa 24 kama kibao hakisemi vingine, au kempingi, au pakingi ya mtu umemuomba. Kuomba wala si aibu, ukigonga mlango na watoto pembeni watu wa huku wanakuonyesha mpaka bomba la maji. Na moto, kabla hamjawasha hata jiko la mkaa angalieni kama wilaya hiyo kuna eldningsförbud, yaani marufuku ya kuwasha moto, mwaka 2018 misitu iliungua vibaya na watu hawajasahau.

Reindia. Hapa naomba unisome vizuri. Wale si wanyama pori, kila mmoja ana mwenyewe, tazama masikio yake utaona amekatwa alama, ile ni alama ya familia. Siku za joto wanakimbia mbu na nzi wanakuja kusimama barabarani kwenye upepo, Norway wanaingia mpaka ndani ya mahandaki kutafuta baridi. Usipige honi, usiwafukuze, simama uwashe hazadi, akivuka mmoja jua nyuma kuna wengine kumi. Ukiona mfuko mweusi wa plastiki umefungwa kwenye mti au nguzo pembeni ya barabara unapepea, huo si uchafu, ni mfugaji anakwambia kundi liko karibu, shusha mwendo. Ukimgonga, hata akikimbia, Sweden ni lazima upige 112 na uweke alama mahali pale ili wampate, asije akafa siku tatu porini, na mwenyewe apate fidia yake. Mwezi wa saba ndio wanawatia alama ndama, mara nyingi usiku kwa sababu kuna ubaridi. Mkiona uzio na watu na pikipiki kaeni mbali na drone msirushe, kundi likitawanyika kazi ya siku nzima imepotea. Na msimuulize Msami ana reindia wangapi. Ni kama kumuuliza Mmasai idadi ya ng'ombe wake, au wewe mtu akuulize mbele za watu benki una shilingi ngapi.

---

wa_tromsø_254

Sasa ndugu, karibu Norway. Mimi ni Mkenya niko Tromsø, na huyo wa Luleå amesema ukweli kabisa kuhusu Lofoten. Lofoten ni maridadi, siwezi danganya, lakini mwezi wa saba barabara ni moja tu na kempa ni nyingi sana, na sehemu nyingi wameweka vibao vya kukataza kulala usiku kwa sababu wenyeji wamechoka na watu wanaoacha taka na kinyesi nyuma ya mawe. Kama lazima mwende basi lipieni kempingi na mfike mapema mchana. Senja ni kisiwa cha pili kwa ukubwa Norway ukiacha vya Svalbard, milima inaingia baharini vile vile, na hakuna huo msongamano. Kutoka Senja, Gryllefjord, kuna feri ya majira ya joto inavuka mpaka Andenes, na huko mnaweza kupanda boti kuona nyangumi wale wakubwa wa spermaseti, maana bahari inakuwa na kina kirefu karibu sana na nchi kavu. Hiyo watoto hawatasahau.

Mambo ya pesa. Toll za Norway hakuna kibanda, ni kamera tu inasoma namba na bili inakuja baadaye, kwa hivyo ulizeni kampuni ya kukodi kama gari iko na chip ya AutoPASS, kile kifaa cha kulipia toll, la sivyo mtapata bili pamoja na ada zao za kushughulikia karatasi. Faini ya spidi hapa si mchezo, inaweza kula bajeti yenu ya chakula yote, na taa za mbele ni lazima ziwake hata kama ni jua kali. Pombe na usukani kikomo ni promili 0.2 kwenye damu, Sweden pia, yaani bia moja ya jioni ukiendesha bado haijaisha mwilini umeharibu.

Kwenye mpaka, Norway haiko EU kwa hivyo forodha ipo. Nyama kutoka Sweden mna kiasi, kilo 10 kwa mtu, lakini viazi hamruhusiwi kuingiza kabisa, ni mambo ya magonjwa ya mimea. Kuleni viazi vyenu Abisko.

Choo cha kempa: ile kaseti, yaani tangi dogo la uchafu unalolichomoa, inamwagwa kwenye kituo chake tu, inaandikwa tømmestasjon, ziko kwenye pampu nyingi za mafuta na kempingi. Usimwage mahali pengine popote, na maji ya sinki vile vile. Mwage kila siku ya pili msingoje ijae, familia ya watu watano inajaza haraka kuliko mnavyofikiria.

Kutoka Tromsø kuelekea Alta kuna feri mbili fupi, Breivikeidet na Lyngseidet, mnakata kilomita nyingi na mnaona Alpi za Lyngen kutoka majini. Kama mtapita huko.

---

bintipemba_malmö

Assalam alaykum kaka, mwambie shemeji asighairi, nitajibu la sala kwa kadiri tulivyofundishwa na masheikh huku.

Adhuhuri na alasiri hazina tabu, jua lipo na kivuli kinahesabika. Tatizo ni magharibi, isha na alfajiri pale ambapo jua halizami. Asili yake ni ile hadithi ya Dajjali iliyo kwenye Sahihi Muslim, masahaba walipoambiwa kutakuwa na siku moja ya urefu wa mwaka wakauliza je sala za siku moja zitatutosha, Mtume (s.a.w) akasema hapana, ikadirieni. Kwa hiyo unakadiria. Wanazuoni wengine wanasema fuata mji wa karibu ambao usiku na mchana bado vinapambanuka, wengine wanasema fuata saa za Makka. Chagueni kauli moja kabla hamjatoka, muwekee na watoto kwenye simu, msiwe leo hivi kesho vile. Halafu nyinyi ni wasafiri, mnapunguza na mnajumuisha, adhuhuri na alasiri pamoja, magharibi na isha pamoja, Mungu ameshafanya wepesi. Kibla kutoka huko ni kusini mashariki, tumieni dira ya simu mkiwa nje ya gari maana bodi la chuma linaichanganya.

Nyama ya halali nunueni Borås au Göteborg mgandishe, huko juu miji ni midogo. Ila samaki wa Norway ni neema tupu, na mkifika pwani mtaona vile vichanja virefu vya miti wanavyokaushia samaki wa kod, mwezi wa saba vitakuwa vitupu kwa sababu wanaanika tangu mwezi wa pili na kuanua karibu na wa sita, lakini ng'onda zenyewe zinauzwa dukani. Loweka, chemsha, weka nazi ya kopo. Mie nimewapikia Wanorwe wakaomba tena.

Na mapazia. Madirisha ya kempa yana vile vya kuvuta lakini mwanga unapenya pembeni, chukua karatasi za foili na gundi ya karatasi uzibe kabla ya saa mbili usiku, watoto wakiliona jua hawalali na wewe hulali.

---

mtoto_wa_kivu_oulu

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani niko Oulu, Finland, na ninapenda kusema neno kwa ajili ya Nordkapp sababu naona munaikataa haraka.

Ni kweli ni mbali. Lakini kuna watu wametoka Bukavu, wamepita kambi, wamepewa nchi ya baridi, siku moja wanasimama pale juu kwenye jabali la mita 307 mbele yao ni bahari tu mpaka barafu. Mama yangu alisimama pale akaomba kwa sauti. Siwezi kumwambia mtu asiende. Kwa hiyo kama moyo wako uko Nordkapp, toa Lofoten, toa Senja, panda E45 mpaka Karesuando, ingia Kautokeino, Alta, mufike. Alta kuna michoro ya mwambani ya watu wa kale, reindia, mitumbwi, dubu, iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1985 na njia yake ni ya mbao, watoto wanatembea vizuri. Kurudi muteremke Karasjok, kwenye bunge la Wasami wa Norway, kisha Inari, pale kuna makumbusho ya Siida.

Handaki la kuingia kisiwa cha Nordkapp ni kilomita karibu 7 na linashuka mita 212 chini ya bahari, mteremko ni mkali. Kempa iliyojaa watu na maji shuka kwa gia ndogo, injini ndiyo ishike gari, usikanyage breki njia yote zitapata moto. Na ukungu huko unakuja bila hodi, unaweza kufika usione jua wala bahari, kwa hiyo weka usiku wa akiba. Nguo za baridi kabisa, hata mwezi wa saba inaweza kuwa nyuzi 8 na upepo.

Saa: ukiingia Finland saa inasogea mbele moja, na kiangazi saa ya Finland ni sawa sawa na ya Tanga. Huyo mudogo wako atafurahi kupiga simu nyumbani bila kuhesabu. Pesa ni euro.

---

mswahili_boras

Wakuu mmenifungua macho aisee, Mungu awabariki. Wife amesoma yote na ametulia. Tumekaa jana usiku na ramani, Lofoten tumeitoa, tunapanda E45, Abisko siku mbili, Senja na Tromsø, tunarudi kwa Kilpisjärvi. Nordkapp nimeumia kuiacha hasa baada ya maneno ya ndugu wa Oulu, lakini watoto wakikua kidogo tutaipanga peke yake. Bado mbu na leseni hamjanijibu.

---

dereva_luleå

Uamuzi mzuri mkuu. Kilpisjärvi ukipata siku ya hali nzuri, kuna boti inavuka ziwa halafu mnatembea kama kilomita 3 mpaka Treriksröset, lile jiwe la njano ambapo Sweden, Norway na Finland zinagusana, watoto watazunguka nchi tatu kwa sekunde.

Mbu wapo na ni wengi, sikufichi, hasa mabondeni kwenye maji yaliyotulia. Malaria hawana, hilo mwambie bwana mdogo wa Tanga asije na dawa. Wanaosumbua zaidi ni usubi, wale wadogo wanaopenya kwenye nyavu ya kawaida, na pange mchana wa jua kali. Nunua dawa ya kupaka yenye DEET au icaridin, kwa watoto soma umri kwenye chupa. Chandarua cha kichwani kimoja kila mtu. Nguo pana za rangi ya kupauka, suruali ndani ya soksi. Ukichagua pa kulala tafuta penye upepo, juu au ufukweni, usiegeshe kwenye kibonde kizuri chenye kinamasi, na mlango wa kempa ufunguliwe ufungwe hapo hapo, kabla ya kulala taa zote zima mmoja apite na taulo kwenye dari. Pwani ya Norway mtapumua, ni wachache.

Leseni: mdogo wako ni mgeni wa matembezi, leseni ya Tanzania imeandikwa Kiingereza na ina picha, Sweden wanaikubali kwa mtu ambaye hajahamia au hajamaliza mwaka mmoja. Akihamia ikapita mwaka inakufa, anaanza upya na masomo na mtihani, hiyo najua wengi hapa imewakuta. Kwa ajili ya Norway na Finland achukue na kibali cha kimataifa huko huko Tanzania kabla hajapanda ndege. Lakini jambo kubwa si polisi, ni bima ya gari. Wakodishaji wengi wanataka kila dereva aandikwe kwenye mkataba kwa jina, wengine hawamkubali aliye chini ya miaka 25 au leseni isiyo ya Ulaya. Waandikie email sasa hivi wakujibu kwa maandishi. Wakikataa, basi asiguse usukani hata dakika kumi kwenye pakingi.

Viza yake haina shida, nchi zote hizo ni Schengen, pasi aitembeze nayo tu mkononi.

Na mtungi wa gesi uliza ni wa aina gani na adapta ipo, manake kila nchi ina vichwa vyake na jikoni mkiishiwa Senja siku ya Jumapili maduka mengi yamefungwa.

---

mswahili_boras

Nimewaandikia leo asubuhi, wamesema bwana mdogo ana miaka 27 wanamuandika ila kuna nyongeza ya kila siku, na mtungi ni wa Sweden, adapta haimo. Kwa hiyo nabeba mtungi wa pili uliojaa. Kuna mtu anajua kempingi ya Abisko inabidi kubuku mapema au unafika tu?

---

dereva_luleå

Mwezi wa saba buku. Na uombe upande wa ziwani, kuna upepo.